Kivuli katika usanifu wa kurasa

Kivuli katika usanifu wa kurasa ni athari ya kompyuta inayowekwa nyuma ya picha, umbo au maandishi ili kitu hicho kionekane kimeinuka juu ya karatasi. Hutumika katika majalada ya vitabu, magazeti, kalenda, mabango na kadi za harusi. Programu zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni Adobe InDesign, QuarkXPress na Scribus.

Asili ya wazo

Athari hiyo huiga kivuli cha jua. Kwa mfano, kata ya Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi katika Mkoa wa Kilimanjaro, iko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kijiti cha mita 1 kilichosimamishwa wima hutoa kivuli cha takriban nusu mita kuelekea kusini. Mwezi Desemba kivuli hicho huelekea kaskazini, nacho huwa kifupi zaidi. Kwa hiyo, kivuli humwonyesha mtazamaji mwanga unakotoka na umbali uliopo kati ya kitu na uso wa chini yake.

Historia

Programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus ilitolewa mwaka 1985. Wakati huo msanifu alinakili umbo, akalijaza rangi ya kijivu na kulisogeza nyuma ya lile la kwanza. Kivuli cha namna hiyo kilikuwa na kingo kali. Kivuli laini kilitengenezwa kwanza katika programu ya picha, kisha kikaletwa kwenye ukurasa. InDesign 2.0 ya mwaka 2002 iliwezesha kuweka kivuli laini moja kwa moja kwenye ukurasa, na QuarkXPress 7 ya mwaka 2006 ikafanya vivyo hivyo. Scribus, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, inayo pia katika toleo la 1.6.

Vipimo vyake

Katika InDesign, mtumiaji huchagua kitu, kisha hufungua menyu ya Object, Effects, halafu Drop Shadow. Vipimo vikuu ni hivi:

- Pembe: upande ambao mwanga unatoka. Pembe ya nyuzi 135 huleta mwanga kutoka juu kushoto, na kivuli huangukia chini kulia.
- Umbali: kivuli kinavyosogea kutoka kwenye kitu. Umbali wa milimita 3 kwa pembe hiyo hukisogeza takriban milimita 2.1 kulia na milimita 2.1 chini.
- Ukubwa wa ukungu: ukiongezeka, kingo za kivuli huwa laini zaidi.
- Uzito: asilimia 100 hufunika kabisa, asilimia ndogo huacha ya chini yaonekane.
- Namna ya kuchanganya rangi: katika chapa ya rangi nne, namna ya Multiply huongeza wino mweusi juu ya rangi zilizopo. Namna ya Normal huzipunguza rangi hizo, na kivuli huonekana kimepauka.

Vitu vyote vya ukurasa mmoja hufaa kuwa na pembe moja, kwa sababu vivuli vinavyoelekea pande tofauti humchanganya msomaji.

Fremu ya maandishi isiyo na rangi ya ndani hupeleka kivuli kwenye herufi zenyewe. Ikijazwa rangi, kivuli huwa cha fremu. Kwa mfano, katika bango la kuuza mchele wa Mabogini, kivuli chepesi husaidia kichwa cheupe kisomeke juu ya picha ya shamba la mpunga. Kikiwekwa kwenye maelezo ya herufi ndogo huzifanya zionekane chafu na kuchosha macho.

Matatizo wakati wa kuchapa

Kivuli laini hutegemea uwezo wa rangi kupenyezana. Faili za PDF zina uwezo huo tangu toleo la 1.4 la mwaka 2001. Matoleo ya zamani, pamoja na kiwango cha PDF/X-1a, hulazimu kivuli kiunganishwe na vilivyo chini yake. Hapo kikiwa juu ya rangi maalumu iliyochanganywa nje ya wino nne, kisanduku cheupe au chenye rangi tofauti kinaweza kutokea kuzunguka kitu. Kiwango cha PDF/X-4 hukubali kivuli bila kukiunganisha mapema.

Karatasi ya gazeti hunyonya wino na kutanua nukta zake, hivyo kivuli kilicho chepesi kwenye skrini kinaweza kutoka kizito. Kabla ya kuchapa nakala nyingi, inafaa kukubaliana na mpiga chapa kuhusu aina ya PDF na kuangalia nakala moja ya majaribio, kwani kosa la kivuli hurudiwa katika kila nakala na karatasi iliyokwisha kuchapwa haisahihishiki.