Mnyororo wa baiskeli ukiruka, pima kwanza kabla ya kukaza

Msikilizaji, unapandisha kilima na gunia kwenye keria, ghafla pedeli inateleza na mguu unakosa pa kukanyaga. Mnyororo umeruka. Kwa baiskeli kuukuu ya mtumba, hapo ndipo watu huanguka na kuumia.

Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kulegea. Shika mnyororo katikati, uchezeshe juu na chini. Ukicheza zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, legeza nati zote mbili za gurudumu la nyuma, livute nyuma bila kulipinda, kisha kaza. Hakikisha breki bado zinashika.

Ya pili ni kuchakaa, na hapo kukaza hakusaidii. Vumbi husaga pini na mnyororo hurefuka. Chukua futi ya fundi cherehani, pima sehemu iliyonyooka. Mnyororo mpya, kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, ni inchi 12 kamili. Ukizidi inchi 12 na moja ya nane, nunua mwingine.

Kabla ya kulipa, tazama gia ya nyuma. Meno yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, badilisha vyote pamoja. Mnyororo mpya kwenye meno mabovu utaendelea kuruka, na pesa yako imepotea.

Ukishafunga, weka tone la oili kwenye kila kiungo, zungusha pedeli, halafu futa oili iliyobaki nje. Hiyo ndiyo inayonasa vumbi, na vumbi ndilo lililomaliza mnyororo wa kwanza.