Kisiwa chenye Hazina au Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kipi kinashinda?

MWAKA 1929 wasomaji wa Kiswahili walipata riwaya mbili za kigeni kwa mpigo: Kisiwa chenye Hazina, ya Robert Louis Stevenson wa Scotland, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ya Mwingereza H. Rider Haggard. Frederick Johnson alikuwa na mkono katika tafsiri zote mbili. Mwaka uliofuata akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha, iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar.

Vyote viwili ni vitabu vya wavulana: kuna ramani, kuna hazina, kuna safari ya hatari. Lakini mtu mzima anayevuka mpaka na mzigo wake akivisoma tena, huanza kuuliza maswali mengine. Nani katoa mtaji? Nani kabeba hatari? Faida inagawanywaje? Ndiyo maswali niliyovisomea upya, nikitaka kujua kipi ni bora.

Ushindani huu ulianza zamani. Stevenson alianza hadithi yake mwaka 1881, baada ya kuchora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wake wa kambo, na kitabu kikatoka mwaka 1883. Haggard aliwekeana dau la shilingi tano na ndugu yake kwamba anaweza kuandika kitabu cha kulingana nacho. Chake kikatoka mwaka 1885, kwa mchapishaji yuleyule, Cassell.

Mchapishaji alimpa chaguo mbili: auze haki zote kwa pauni 100, au achukue pauni 50 za kutanguliza na asilimia 10 ya kila nakala. Haggard alikuwa tayari kuchukua zile 100. Karani mmoja aliyekuwa pale ofisini akamshauri kimyakimya achague asilimia. Akamsikiliza, na kitabu kikauzwa kama maandazi ya asubuhi.

Masharti ya Quatermain

Kwa upande wa mkataba, Mashimo ya Mfalme Sulemani kinaongoza. Allan Quatermain ni mwindaji wa tembo na mfanyabiashara anayeishi Durban. Sir Henry Curtis anapomwomba amvushe jangwani kumtafuta ndugu yake aliyepotea, mzee huyo hakurupuki kukubali. Anataka gharama zote zibebwe na Sir Henry, na pembe au mali yoyote itakayopatikana igawanywe kati yake na Kapteni Good. Anataka pauni 500 mkononi kabla ya kuondoka. Tena anataka iandikwe kwamba akifa au akilemaa, mwanawe anayesomea udaktari London atalipwa pauni 200 kila mwaka kwa miaka mitano.

Ni wangapi kati yetu wanaopakia lori la mahindi au samaki kwa neno la mdomo tu, bila kujua mzigo ukikwama forodhani hasara ni ya nani?

Mdomo wa Trelawney

Katika Kisiwa chenye Hazina mambo ni kinyume. Mtoa mtaji, Trelawney, ana fedha lakini hana siri. Daktari Livesey anamwambia waziwazi kwamba mtu pekee anayemtia hofu ni yeye, kwa kuwa hawezi kufunga mdomo. Kweli, akifika Bristol kutafuta meli, habari za hazina zinaenea. Kibaya zaidi, anamwachia mpishi wa meli, Long John Silver, amsaidie kutafuta mabaharia. Kapteni Smollett analalamika kwamba hakupewa nafasi ya kuchagua watu wake, lakini wakati huo maji yameshamwagika. Kati ya watu 26 melini, wanaojulikana kuwa wa kuaminika ni 7 tu, na mmoja wao ni mtoto, Jim Hawkins. Wanaorudi nyumbani ni 5.

Hapa ndipo Stevenson anapompita mwenzake. Wabaya wa Haggard, mfalme Twala na mchawi Gagool, unawatambua tangu wanapoingia. Silver hana alama hiyo. Ni mchangamfu, mchapakazi, ana akiba benki, na ana mke anayemwamini kufunga biashara na kuondoka na fedha zake. Ukikutana naye kwenye foleni ya mihuri, ungempa simu yako akushikie. Anayekutapeli mpakani huwa na sura ya Silver, si ya Gagool.

Hata hazina yenyewe inafahamika kwetu. Jim anapewa kazi ya kupanga sarafu za Uingereza, Ufaransa, Hispania, Ureno na Mashariki, zote zimechanganyika. Aliyewahi kuhesabu shilingi za nchi tatu na faranga kutoka mkoba mmoja anaijua kazi hiyo.

Sulemani hakuwapo

Tatizo kubwa la Haggard ni mashimo yenyewe. Katika riwaya yake, barabara kuu, masanamu na migodi ya almasi ni kazi ya wageni wa kale. Wenyeji wanaishi tu kandokando ya mali wasiyoweza kuijenga. Wageni wanawatisha watu kwa kupatwa kwa mwezi, kana kwamba Mwafrika hakuwahi kutazama juu.

Wakati huo Wazungu wengi waliamini hivyo kuhusu magofu ya Zimbabwe Kuu. Mwaka uleule wa 1929, mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba huko na kuthibitisha kwamba yalijengwa na Waafrika. Dhahabu ya nchi ile ilishuka hadi Sofala, ikapanda pwani hadi Kilwa, na kutoka hapo ikaenda ng'ambo. Sarafu ya Kilwa imepatikana katika magofu hayo. Utajiri wake, basi, haukuhitaji Sulemani: ulichimbwa na wenyeji na kusafirishwa na wafanyabiashara waliovuka nchi na bahari, kama mnavyofanya leo.

Kwa haki, Haggard anampa mfalme Ignosi hoja moja nzito. Akishaketi kitini, anakataa kuwafungulia nchi yake wafanyabiashara wenye bunduki na pombe. Si kwamba hapendi wageni; amewahi kuishi kwao na ameona biashara hiyo inaacha nini nyuma.

Hukumu

Kwangu, Kisiwa chenye Hazina kinashinda. Kinachunguza swali ambalo kila msafiri wa biashara analo: nimwamini nani? Wala hakimdhulumu mtu sifa ya kazi ya mikono yake. Mashimo ya Mfalme Sulemani kina mwendo wa kasi na mkataba mzuri kuliko wote, na kisitupwe. Ukimpa mtoto wako akisome, mweleze pia habari za Kilwa na Sofala, ajue ni akina nani walioijenga Zimbabwe Kuu na dhahabu yake ilipita njia gani.