Likasi: Kampuni iliacha kulea, majirani wakashika daftari

Mtu akifiwa katika mitaa ya Panda au Kikula, mjini Likasi, turubai husimamishwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki hukodiwa au kuazimwa, na mtu anayeaminika huketi mezani na daftari. Kila anayeingia kwenye kilio huandikwa jina lake na alichotoa, hata kama ni faranga chache au mfuko wa unga wa bukari. Daftari hilo hutunzwa. Siku aliyetoa atakapofiwa, familia iliyosaidiwa italifungua tena na kuangalia ana deni gani kwa nani.

Hii ndiyo bima ya wengi katika mji huu wa shaba na kobalti wa jimbo la Haut-Katanga, kilomita zipatazo 120 kutoka Lubumbashi kwenye barabara ya Kolwezi. Haina ofisi wala muhuri. Lakini ukitaka kujua nani anamtunza mjane, mzee aliyeachishwa kazi au mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo, ni lazima uanzie hapo, kisha ufuate njia hadi parokiani, kwenye likelemba ya akina mama, na mwisho kwenye fedha za kampuni za madini ambazo sheria inasema zirudi kwa wananchi.

Kuna wakati ambapo hakuna aliyehitaji kuuliza swali hilo. Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ilikuwa mji wa mwajiri mmoja. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kuwaruhusu wafanyakazi waje na wake zao na kukaa kwa muda mrefu, badala ya kuwachukua kwa mikataba mifupi na kuwarudisha vijijini. Kampuni ilijenga kambi, ikagawa posho ya unga na vyakula vingine, ikapima uzito wa watoto kliniki, ikawakabidhi wamisionari shule. Kwenye foyer social, ambayo watu wanaiita foaye, wanawake walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto kwa namna iliyoipendeza kampuni.

Haukuwa ukarimu mtupu. Mfanyakazi mwenye afya na familia iliyotulia alizalisha zaidi na hakutoroka, na kambi ilikuwa pia mahali pa kumchunga. Hata hivyo watu walizoea. Baada ya kampuni kutaifishwa na baadaye kuwa Gécamines, utaratibu huo uliendelea: hospitali, shule, chakula, nyumba. Huduma zilimfuata mfanyakazi tangu kuzaliwa kwa mtoto hadi maziko. Watu wa Katanga walizungumza juu ya kampuni kama mtu anavyozungumza juu ya baba yake, na mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika mwaka 2001 kitabu kuhusu familia za wafanyakazi hao, alikipa jina linalowataja watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao.

Baba huyo hakuondoka kwa siku moja. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka, mitambo haikuwa ikitengenezwa, fedha zilikuwa zimekamuliwa na serikali ya Mobutu, na katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka.

Mwaka 2003 ukaja mpango uliopewa jina la "départs volontaires", yaani kuondoka kwa hiari. Kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa kwa mkupuo na kuagana na kampuni. Neno hiari liliwachoma wengi, kwa sababu mtu asiyelipwa kwa miaka hana mengi ya kuchagua. Waliunda umoja wa kudai haki zao, wakisema hesabu haikufuata sheria ya kazi ya Kongo, na mwaka 2009 malalamiko yao yakafika hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Ndani ya nyumba athari ilikuwa nyingine. Benjamin Rubbers, mwanaanthropolojia wa Ubelgiji aliyefanya utafiti wake katika kambi ya Panda, ameeleza jinsi wanaume waliozoea kuleta posho nyumbani walivyojikuta hawana cha kuleta, huku wanawake wakibeba familia kwa kilimo na biashara ndogondogo.

Biashara hizo ndizo zilizoipa nguvu likelemba. Utaratibu wake unajulikana na kila mama wa soko. Tuseme wanawake kumi wanakubaliana kuweka faranga 10,000 kila Jumamosi. Kila wiki mmoja anachukua 100,000 zote, na baada ya wiki kumi mzunguko unaanza upya. Hakuna riba, hakuna fomu. Kwa fedha hiyo mtu hununua gunia la makala au la unga wa mahindi, hulipa karo ya mtoto, au humpeleka mgonjwa hospitali bila kwenda kwa mkopeshaji. Jambo jingine halionekani kwenye hesabu: mwenzako asipofika Jumamosi, mtu huenda kumgongea mlango kujua kuna nini.

Udhaifu wake uko hapo hapo. Likelemba ni ya mwenye kipato, hata kama ni kidogo. Asiyeweza kuweka wiki mbili mfululizo hutoka, na anayetoka ndiye mwenye shida kuliko wote. Mjane mzee asiye na meza sokoni hana pa kuingilia.

Kwa hao, mlango unaobaki mara nyingi ni wa kanisa. Katika parokia za Kikatoliki, waumini wa mtaa mmoja hukusanyika katika jumuiya ndogo zinazofahamika kwa kifupi cha Kifaransa CEVB, na kila parokia huwa na kamati yake ya Caritas. Wanajumuiya ndio wanaojua nyumba ipi haijawasha moto tangu jana. Mchango unaotolewa ni mdogo: sabuni, kilo chache za unga, nauli ya kwenda zahanati, watu wawili wa kukesha na mgonjwa. Makanisa ya Kimethodisti, ya Kipentekoste na mengine yana namna zao za kufanya hayo hayo. Si jambo geni katika ukanda huu. Vuguvugu la Jamaa, lililoanzishwa na padri Placide Tempels huko Kolwezi katika miaka ya 1950, lilikua miongoni mwa wafanyakazi wa migodi waliokuwa mbali na ukoo, wakatafuta ukoo mwingine kwa majirani.

Kuna pia vyama vya watu wa asili moja, vinavyoitwa mutualité. Husaidia sana kwenye misiba, na kwa mtu aliyetoka mbali ni msaada mkubwa. Lakini Likasi ina sababu ya kuviangalia kwa tahadhari. Mwaka 1992 familia za asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao kwa vurugu zilizochochewa na wanasiasa, na maelfu ya watu walilala kwenye kituo cha reli cha mji huu wakisubiri treni ya kuwapeleka walikoambiwa ni kwao. Wengi walizaliwa Likasi. Daftari la msiba lililopangwa kwa mtaa na lile lililopangwa kwa kabila yanaweza kukusanya kiasi kilekile cha fedha, ila si kitu kimoja.

Ipo shida nyingine ambayo mchango wa majirani hauifikii kabisa. Viwanda vya Shituru viko ndani ya mji, na eneo lote limezungukwa na machimbo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo, na hali ni mbaya zaidi kwa watoto. Jirani anaweza kukuletea uji ukiugua. Vumbi linahitaji mwenye mamlaka.

Mfano wa Kanina

Kilomita zipatazo 180 magharibi mwa Likasi, katika mji wa Kolwezi, kuna mfano wa shirika lililojaribu kwenda mbali zaidi ya mchango. Masista wa Bon Pasteur walifika huko mwaka 2012, wakiwa na sista Catherine Mutindi, Mkenya. Katika maeneo kama Kanina walikuta watoto wakichimba, wakiosha na kubeba mawe ya kobalti badala ya kukaa darasani. Kusini mwa Kongo, UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kuwa watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi migodini.

Kumtoa mtoto mgodini kwa maneno hakusaidii, kwa sababu alichopata huko ndicho kilicholiwa jioni. Kwa hiyo masista walifanya mambo kadhaa kwa pamoja: shule isiyolipiwa kwa watoto, mafunzo ya ushonaji na ufundi mwingine kwa wasichana na akina mama, kilimo cha pamoja kwa wazazi, na mafunzo ya haki ili watu waweze kusimama mbele ya kiongozi au kampuni na kudai. Filamu ya mwaka 2018 iitwayo "Maisha" imeonyesha kazi hiyo, na baadaye sista Mutindi alipewa tuzo ya Opus ya Marekani yenye thamani ya dola milioni moja.

Kinachofanya Kanina iwe tofauti na kamati ya kawaida ya parokia ni fedha za nje na watu wanaolipwa kufanya kazi hiyo kila siku. Mtaa wa Likasi wenye jumuiya hai na likelemba tatu una ujuzi uleule wa nani anahitaji nini. Hauna bajeti.

Asilimia 0.3

Bajeti, kwa mujibu wa sheria, ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa na kutangazwa Machi 9, 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zilizoathiriwa na mradi. Zaidi ya hapo, ushuru wa madini hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za chini ambako uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Miji na komini ni miongoni mwa mamlaka hizo za chini.

Fedha za namna hii hupenda kuonekana. Jengo la shule lenye rangi mpya na jina la kampuni ukutani hupigwa picha siku ya uzinduzi. Kulipia karo za watoto wa wajane wa Kikula, au kumlipa muuguzi mmoja awatembelee wazee wa kambi ya Panda nyumbani, hakuna utepe wa kukata. Lakini ndiyo mahitaji yanayojaa kwenye madaftari.

Na vikundi vyenye madaftari hayo haviwezi kirahisi kuziomba. Kwa sheria ya Julai 20, 2001 kuhusu vyama visivyo vya faida, hadhi ya kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, Kinshasa. Inahitajika katiba iliyoandikwa, orodha ya wanachama waliotia saini, vyeti, ada, na mtu wa kufuatilia jalada katika mji ulio mbali kiasi kwamba wengi wa Likasi hawajawahi kufika. Bila karatasi hiyo ni vigumu kufungua akaunti kwa jina la chama, na bila akaunti hakuna mfadhili atakayetuma fedha.

Kwa sasa njia fupi ni kupitia mwavuli wa mwenye karatasi tayari, kwa kawaida parokia au shirika lenye makao Lubumbashi. Inawezekana, na wengine hufanya hivyo. Ila anayeshika akaunti ndiye anayeamua nini kitangulie, na mama anayejua nyumba ipi haijapika hubaki mtoa taarifa.