Nadhiri za Kila Asubuhi

Asubuhi hii tuzungumze juu ya jambo ambalo makanisani mwetu husemwa kwa kunong'ona, au halisemwi kabisa. Kama watoto wako karibu na redio, mzazi ataamua mwenyewe. Sitatumia maneno machafu, lakini jambo nitalitaja kwa jina lake. Ni uraibu wa ngono, yaani hali ya mtu kutawaliwa na tamaa ya mwili hata asiweze kujizuia, ingawa anaona nyumba yake ikibomoka.

Kwanza tutofautishe. Kijana aliyeanguka mara moja na kujuta si mraibu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeeleza hali hii hivi: mtu hushindwa kuuzuia msukumo huo kwa muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi, huacha kujali afya, kazi na jamaa, hujaribu kuacha mara nyingi asiweze, na huendelea hata kama hapati tena raha yo yote. Shirika limeonya pia kwamba uchungu wa dhamiri peke yake, kwa kuwa jambo limekatazwa na dini, hautoshi kumwita mtu mgonjwa. Naona wamesema vyema. Wataalamu bado wanabishana kama hali hii iitwe uraibu kama ule wa pombe, nasi tuwaachie ubishi huo. Mama anayeona mshahara wa mumewe umekwisha tarehe 5, wala hajui umekwenda wapi, hangojei jibu lao.

Tuseme mume huyo ni mwalimu, na tena ni mwimbaji wa kwaya. Usiku, watu wakilala, yuko na simu yake akitazama picha za uchi hata saa tisa. Mwisho wa mwezi picha hazimtoshi, huenda mjini kununua wanawake. Asubuhi analia, anafuta kila kitu katika simu, anaapa mbele za Mungu kwamba hiyo ni mara ya mwisho. Naye anaapa kwa kweli, tusimwite mnafiki. Siku tatu anatembea kifua mbele. Siku ya nne amegombana na mwalimu mkuu, amechoka, yuko peke yake, na miguu imekwisha kuijua njia. Nadhiri iliyovunjika humletea aibu, aibu humfanya ajifiche, na huko mafichoni tamaa inamngojea. Basi huapa tena. Kila nadhiri humwambia kwamba safari hii ataweza peke yake, na hapo ndipo ulipo mtego.

Njia ninayotaka kuieleza ilianza kwa walevi wa pombe. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mtu wa biashara ya hisa jina lake Bill Wilson alikutana na daktari mpasuaji, Bob Smith. Wilson alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, naye aliogopa kurudia. Akagundua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hupata nguvu ya kutokunywa. Hivyo ukazaliwa ushirika wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, na mwaka 1939 wakachapisha Hatua zao 12. Mengi yaliyomo Wilson aliyapata kwa Samuel Shoemaker, kasisi wa Kanisa la Episkopali mjini New York, ambao ni ndugu zetu Waanglikana. Baadaye wenye shida ya ngono walizichukua hatua hizo hizo. Sex and Love Addicts Anonymous ilianza Boston mwaka 1976, Sex Addicts Anonymous ikaanza Minneapolis mwaka 1977, na baada ya muda mfupi Sexaholics Anonymous ikaanza California.

Hatua ya 1 haimtaki mtu aape. Humtaka akiri kwamba ameshindwa, kwamba hana nguvu juu ya jambo hili. Wahubiri wengine huguna hapo, lakini Mtume Paulo aliandika hayo hayo katika Warumi 7. Hatua ya 2 na ya 3 humpeleka kwa Nguvu iliyo kubwa kuliko yeye, ajiweke mikononi mwa Mungu kwa kadiri anavyomfahamu. Maneno hayo yamewakwaza Wakristo kadhaa. Mimi hayanikwazi, Naamani naye hakuijua katekisimu alipoingia Yordani.

Kazi ngumu iko katika Hatua ya 4 na ya 5. Mtu huandika hesabu ya maisha yake bila kujipendelea: alimdanganya nani, alitumia fedha ya nani, alichukia nini, aliogopa nini. Kisha humsomea Mungu, na humsomea binadamu mmoja. Mara nyingi huyo ni mdhamini wake, mtu aliyetangulia katika hatua hizo, ambaye hatashtuka kwa kuwa yake yalikuwa mabaya vile vile. Yakobo 5:16 haisemi jingine. Sisi tumezoea kumwungamia Mungu chumbani, ambako hakuna anayetuuliza swali la pili.

Tena angalieni tofauti hii. Tangu Uamsho ulipotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, tumezoea ushuhuda wa dhambi iliyokwisha: nilikuwa hivi, sasa niko hivi. Ushuhuda huo ni mzuri. Lakini mwalimu wetu, ambaye jana usiku ameanguka, atasimama wapi? Katika mkutano wa ushirika huu husema lililo leo, hutaja jina lake la kwanza tu, na hakuna anayemkemea wala kumpa shauri asiloliomba. Hupewa namba za simu, na siku ya nne, kabla miguu haijaanza njia, hupiga.

Kuacha nako kuna maana yake. Sexaholics Anonymous hawakubali tendo lo lote nje ya ndoa, hata mtu na nafsi yake. Sex Addicts Anonymous humwacha kila mmoja aweke mpaka wake pamoja na mdhamini. Mimi kama mchungaji naelekea upande wa kwanza, ingawa nimeona heri mtu mwenye mpaka anaoushika.

Hatua ya 9 ni kuwatengenezea waliodhulumiwa, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza. Kwa hiyo mume asimwamshe mkewe usiku wa manane amtwike yote ili yeye apate usingizi. Na apange jambo hilo na mdhamini wake. Lakini kama amemhatarisha kwa ugonjwa, hapo hapana kungoja: amwambie, na waende wote wawili wakapimwe juma hili. Na aliyemgusa mtoto, siri ya mkutano si kinga yake; hilo ni jambo la polisi.

Wake na waume wa watu hawa wana ushirika wao pia, uitwao S-Anon, ambako mama hujifunza kwamba hakuisababisha hali hii wala hawezi kuiponya kwa kupekua mifuko. Mikutano mingi ya siku hizi hufanyika kwa simu, hata aliye mbali na mji huweza kusikiliza. Na mzee wa kanisa mwenye funguo za chumba cha nyuma, akiombwa nafasi jioni moja kwa juma na watu wasiotaka kutaja majina, awafungulie. Ni desturi yao kulipia chumba wenyewe.