Zijue Ruhusa Ambazo Programu za Mikopo Huziomba Kwenye Simu, na Namna ya Kuzidhibiti

Mama lishe anayehitaji shilingi 50,000 za kununulia mchele na mafuta ya kupikia kabla ya alfajiri hana sababu ya kusubiri benki ifunguliwe. Hupakua programu ya mikopo kwenye simu yake, hujaza jina, namba ya kitambulisho cha Taifa na namba ya simu, kisha hukutana na visanduku vidogo vinavyojitokeza kimoja baada ya kingine vikimuuliza iwapo anairuhusu programu hiyo ifikie anwani, ujumbe, picha na mahali alipo. Kwa kuwa ana haraka, hubonyeza "Ruhusu" katika kila kisanduku. Sekunde chache baadaye, majina na namba za wateja wake, shemeji zake, mwenyekiti wa kikundi chake cha kuweka na kukopa na mwalimu wa mtoto wake huweza kuwa yamenakiliwa katika kompyuta ambayo hataiona kamwe. Siku atakapochelewesha rejesho, watu hao ndio watakaotumiwa ujumbe wa kumdhalilisha.

Mikopo ya namna hiyo, ambayo mitaani imepachikwa jina la "kausha damu", imekwishaifanya Serikali kuchukua hatua. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) iliutangazia umma orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kwa njia ya kidijitali bila leseni. Hata hivyo, kuifungia programu hakufuti ruhusa ambazo mtumiaji alikwishazitoa, wala hakurudishi majina yaliyokwisha kunakiliwa. Sehemu hiyo ya kazi imo mikononi mwa mwenye simu, na kwa bahati nzuri simu zinazotumia mfumo wa Android, ambazo ndizo wananchi wengi wanazo, zina nyenzo za kutosha za kuifanya.

Msingi wa nyenzo hizo ni utaratibu ulioanza mwaka 2015 kupitia toleo la sita la Android. Kabla ya hapo, mtumiaji aliyetaka kuweka programu alilazimika kuzikubali ruhusa zake zote kwa mkupuo au kuiacha kabisa. Tangu toleo hilo, programu inapaswa kuomba kila ruhusa nyeti peke yake inapoihitaji, na mtumiaji anaweza kukubali moja na kukataa nyingine. Matoleo yaliyofuata yaliongeza uhuru huo. Toleo la 10 la mwaka 2019 liliwezesha programu kuruhusiwa kujua mahali simu ilipo pale tu inapotumika, na toleo la 11 la mwaka 2020 likaleta ruhusa ya mara moja, inayokoma baada ya mtumiaji kuiacha programu. Simu huonesha chaguo hizo kwa maneno kama "Wakati unatumia programu", "Wakati huu pekee" na "Usiruhusu", ingawa maneno hutofautiana kidogo kati ya aina moja ya simu na nyingine.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawalifahamu ni kwamba "Usiruhusu" ni jibu halali. Programu iliyotengenezwa kwa uaminifu inatakiwa kuendelea kufanya kazi hata inapokataliwa ruhusa isiyo ya lazima kwa huduma yake. Programu ya ramani ikinyimwa mahali itashindwa kuonesha njia, na hilo ni jambo la kueleweka. Lakini programu ya tochi inayodai kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu haina maelezo yoyote ya kuridhisha. Aidha, kuanzia toleo la 11, mtumiaji akikataa ombi lilelile mara mbili, mfumo huizuia programu hiyo kuendelea kumsumbua kwa kisanduku hicho.

Ruhusa inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote, linapokuja suala la mikopo, ni ile ya majina na namba za simu. Katika simu nyingi zilizowekwa lugha ya Kiswahili, ruhusa hiyo huitwa "Anwani". Neno hilo limewapotosha baadhi ya watumiaji, kwani anayeulizwa kuhusu anwani hudhani anaombwa anuani ya makazi yake au sanduku la posta, vitu ambavyo mkopeshaji yeyote angevihitaji. Kinachoombwa hasa ni orodha nzima ya watu waliomo kwenye simu yake, pamoja na chochote alichokiandika mbele ya majina yao.

Ruhusa hiyo inatofautiana na nyingine kwa sababu mwenye simu hutoa kitu ambacho si chake peke yake. Akiruhusu kamera, anahatarisha faragha yake mwenyewe na ya walio karibu naye kwa muda huo. Akiruhusu majina, anakabidhi namba za watu mia mbili au mia tatu ambao hawakuomba mkopo, hawakusoma masharti yoyote na hawajui kwamba jambo hilo limefanyika. Baba mkwe anayepokea ujumbe usiku wa manane ukimtaka "amshauri ndugu yake alipe deni" hakuwahi kuwa mdhamini. Wapo wanaofikishwa hatua ya kuficha nyuso kazini na katika familia kwa sababu ya deni ambalo thamani yake haifiki bei ya gunia la mchele.

Tatizo hili limevuka mipaka. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilimtoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kupitia wengine kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Mwaka huohuo, kuanzia tarehe 31 Mei, kampuni ya Google ilipiga marufuku programu za mikopo binafsi zilizomo katika duka lake la Play kufikia majina na picha za watumiaji.

Marufuku hiyo inampa mwananchi kipimo rahisi. Programu ya mikopo inayoomba kusoma majina leo ama imekiuka masharti ya duka, ama haikutoka dukani kabisa, bali ilisambazwa kwa kiungo cha WhatsApp, Telegram au ujumbe mfupi. Kwa vyovyote vile, ombi lenyewe linatosha kuwa sababu ya kuiondoa kabla ya kujaza taarifa nyingine.

Kuhusu programu zinazotoka nje ya duka, simu za Android zenye toleo la 8 na kuendelea huzuia kila programu, iwe kivinjari au WhatsApp, kuweka programu nyingine hadi mwenye simu aipe idhini ya kufanya hivyo. Inapotokea simu ikaonya kwamba chanzo hakijulikani, onyo hilo halikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Mtumiaji aliyewahi kutoa idhini hiyo na kuisahau anashauriwa kuingia katika "Mipangilio", kuandika maneno "programu zisizojulikana" katika sehemu ya kutafutia, na kuifunga kwa kila programu inayoonekana kuruhusiwa. Vilevile anapaswa kuhakikisha kuwa Play Protect, kinga iliyomo ndani ya duka la Play inayokagua programu zilizoko kwenye simu, haijazimwa. Mtu anayeagiza kinga hiyo izimwe kwanza ndipo programu yake iwekwe, amekwishajieleza yeye ni nani.

Hata ndani ya duka lenyewe, tahadhari bado inahitajika. Tangu mwaka 2022, ukurasa wa kila programu una sehemu inayohusu usalama wa data, inayoeleza taarifa zipi hukusanywa na zipi hupelekwa kwa wengine. Sehemu hiyo ni msaada mkubwa, lakini ifahamike kwamba hujazwa na mtengenezaji mwenyewe. Ni tamko lake, na lisichukuliwe kama cheti cha ukaguzi. Kwa mkopeshaji, uthibitisho wenye uzito ni leseni ya Benki Kuu, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara hiyo awe nayo.

Kwa programu ambazo tayari zimo kwenye simu, ukaguzi wake hauchukui zaidi ya robo saa. Mwenye simu huingia "Mipangilio", kisha "Faragha", na humo hutafuta sehemu ya kudhibiti ruhusa. Hapo ruhusa zimepangwa kwa aina: anwani, kamera, maikrofoni, mahali, ujumbe wa SMS, rekodi za simu na nyinginezo. Akigusa aina moja, huoneshwa programu zote zilizoruhusiwa na zilizokataliwa. Njia hii ni bora kuliko kufungua programu mojamoja, kwa sababu inajibu swali analopaswa kujiuliza: ni nani na nani wanaosoma majina ya watu wangu? Wengi hushangaa kukuta michezo ya watoto, programu za kupamba picha na kibodi za kubadilisha maandishi zikiwa katika orodha hiyo. Kuiondolea programu ruhusa hufanywa papo hapo kwa kugusa jina lake na kuchagua "Usiruhusu", na hakuna gharama yoyote.

Simu zenye toleo la 12 na kuendelea zina pia ukurasa unaoonesha ni programu gani ilitumia kamera, maikrofoni au mahali, na saa ngapi, katika saa 24 zilizopita. Katika simu hizo, nukta ya kijani hutokea juu ya kioo kila kamera au maikrofoni inapotumika. Nukta hiyo ikionekana wakati hakuna mazungumzo wala picha inayopigwa, ukurasa huo ndio mahali pa kumtafuta mhusika. Kwa programu ambazo hazijafunguliwa kwa miezi kadhaa, mfumo huweza kuziondolea ruhusa wenyewe. Mwenye simu anachotakiwa ni kuhakikisha kwamba chaguo hilo halijafungwa katika ukurasa wa taarifa za programu husika.

Ruhusa ya kusoma SMS inahitaji maelezo ya ziada. Kwa Mtanzania, kisanduku cha ujumbe ni sawa na daftari la mapato na matumizi. Humo mna miamala ya M-Pesa, Airtel Money na huduma nyingine za fedha, salio lililobaki na majina ya waliotuma na kupokea. Humohumo huingia namba za uthibitisho zinazotumika kufungulia akaunti za benki na mitandao ya kijamii. Programu inayousoma ujumbe huo inaweza kujua kipato cha mtu, na ikiwa ya kitapeli, inaweza kuichukua namba ya uthibitisho kabla mwenyewe hajaisoma. Zaidi ya programu ya ujumbe yenyewe, ni chache mno zenye sababu ya kupewa ruhusa hiyo.

Ipo pia idhini ya ufikivu, iliyowekwa kwa nia njema ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, hususan wasioona. Programu yenye idhini hiyo inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na hata kubonyeza vitufe kwa niaba ya mtumiaji. Ndiyo maana matapeli huitafuta. Programu ya mikopo, ya mchezo wa kubahatisha au ya kuongeza kasi ya simu haina haki ya kuiomba.

Swali linalobaki ni la yule ambaye amekwishatoa ruhusa na amekwishaanza kutishwa. Kuiondoa programu kwenye simu huzuia usomaji mpya, lakini nakala iliyokwisha chukuliwa hubaki kwa aliyeichukua, na deni halali hubaki deni. Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linalofahamika na zisitumike kinyume cha kusudi hilo. Kumtangaza mdaiwa kwa majirani na waajiri si kusudi la aina hiyo. Haki ya kulalamika ni ya mkopaji, na pia ni ya yule baba mkwe aliyepigiwa simu usiku, kwa kuwa namba yake nayo ni taarifa binafsi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC). Yenye vitisho au matusi hupelekwa Polisi, na yanayohusu mkopeshaji asiye na leseni hupelekwa Benki Kuu.

Kabla ya kufika huko, mlalamikaji asifute kitu. Anapaswa kupiga picha ya kioo yenye ujumbe wa vitisho, namba iliyoutuma, tarehe na saa. Jina la programu kama linavyoonekana dukani au kiungo alichotumiwa. Ukurasa wa ruhusa unaoonesha programu hiyo iliruhusiwa nini. Pamoja na kumbukumbu za fedha alizopokea na alizorejesha. Awaombe pia ndugu na wateja waliotumiwa ujumbe wautunze. Akikamilisha hayo ndipo aiondolee programu ruhusa zake zote, aombe akaunti yake ifutwe kupitia sehemu ambayo duka la Play linawataka watengenezaji kuiweka, na mwisho aiondoe programu yenyewe. Ujumbe wa kitapeli unaoweza kufuatia, kama ule wa kumtaka "atume ada ndogo ili jina lake lisafishwe", autume kwenda namba 15040, ambayo imetengwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa mitandao ya simu.