Mwili wa Mtoto (3): Benchi la Ling na Mchanga wa Bute

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na kati ya mikondo mitatu waliyopewa, mmoja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Makala iliyopita ilieleza jinsi mfupa wa mtoto unavyoimarika kwa kuruka. Leo ni zamu ya aliyeyapanga mazoezi yenyewe.

Huyo ni Pehr Henrik Ling, Mswidi aliyezaliwa 1776, mwalimu wa mchezo wa vitara. Mwaka 1813 alianzisha chuo cha viungo mjini Stockholm, na mwanawe Hjalmar akayapanga mazoezi kulingana na umri wa watoto. Kifaa chao mashuhuri ni benchi refu la mbao tu. Ukiligeuza chini juu, ubao mwembamba uliofungwa baina ya miguu yake huwa daraja: mtoto ananyoosha mikono, anatembeza nyayo polepole, na mwili mzima unajifunza kujihimili.

Mwaka 1881 mwanamke Mswidi, Martina Bergman-Österberg, alifika London akaieneza elimu hiyo kwa kuwafundisha walimu wa kike. Sketi ndefu zilipowazuia wasichana, chuoni kwake likabuniwa vazi la mazoezi. 

Kenya iliyarithi hayo kupitia shule za kikoloni. Mwaka 1980 serikali iliamuru somo la viungo lifundishwe katika kila shule. Amri ikabaki kwenye ratiba. Kipindi kikaliwa na hesabu kwa kuwa viungo havikutahiniwa. Kumnyang'anya mtoto kipindi hicho ni kumdhulumu, hata kama mwalimu ana nia njema. Sasa katika shule za msingi somo limeunganishwa na muziki na uchoraji, na hatari ya kumezwa ingalipo.

Hata bila benchi la Ling somo hilo linawezekana. Huko Bute, Wajir Kaskazini, jirani na Ethiopia, jua ni kali na walimu ni wachache. Lakini kipindi cha kwanza asubuhi kuna ubaridi, mchanga upo, na msichana mwenye hijabu na suruali pana anaweza kupiga kichwangomba barabara: viganja chini, kidevu kifuani, uzito utue mabegani wala si utosini, mgongo uviringe kama gurudumu, kisha asimame bila kushika chini. Mwalimu apige magoti ubavuni, kiganja kimoja kisogoni pa msichana, mpaka azoee.