Kazi ya Kuhesabu Miti Katika Nchi ya Kilwa

Iko elimu ichunguzayo jinsi miti, wanyama, maji, udongo na wanadamu wanavyokaa pamoja na kutegemeana. Elimu hiyo huitwa ekolojia. Kila mwaka vijana wa Tanzania huhitimu katika elimu hiyo na zile zilizo karibu nayo, wengine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine katika Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro, na wengine katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 chini ya mlima Kilimanjaro. Lakini kijana atokapo chuoni na cheti chake mkononi, mara nyingi huukuta mlango umefungwa. Nafasi ni chache, na kila amwendeaye kuomba kazi humwuliza, "Umepata kufanya kazi gani?" Naye ataifanyaje kazi asiyopewa? Hilo ndilo fumbo, na jawabu lake laweza kuonekana katika misitu ya Kilwa.

Katika misitu hiyo hukua mpingo. Mti huu hukua polepole sana, hata miaka 70 au zaidi hupita kabla haujafaa kukatwa. Moyo wake ni mweusi, nao ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Wamakonde huuchonga vinyago, na mafundi wa Ulaya huufanya zumari ziitwazo klarineti na oboe. Kwa ajili ya thamani yake ulikatwa sana, wala wenyeji wa vijijini hawakupata faida kubwa.

Mwaka 1996 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walifika pwani ya kusini kuuchunguza mti huo. Kazi ya namna hiyo haina fahari. Mtu hupima kipande cha msitu kwa kamba, huhesabu miti iliyomo, huzungusha utepe katika shina mahali palipo juu ya ardhi kwa mita 1.3, kisha huandika hesabu daftarini. Na kesho huanza tena. Lakini katika mwanzo huo mdogo likakua shirika la kuhifadhi mpingo, lijulikanalo kwa herufi MCDI, ambalo liliweka ofisi yake Kilwa Masoko.

Faida ya hesabu ni hii. Tuseme msitu una miti 100 iliyokomaa, na kila mwaka hukatwa 20. Baada ya miaka 5 hautabaki hata mmoja, na miche iliyoota siku ile ingali kama fimbo. Asiyehesabu hawezi kujua akate mingapi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutawala, lakini sharti kwanza pawepo mpango wa kuutumia, na mpango hauwezi kuandikwa bila hesabu. Kwa njia hiyo misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha utunzaji mwema, cha kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili utunzwao na wanakijiji wenyewe. Fedha ya miti ikawa yaingia katika sanduku la kijiji.

Basi kijana atakaye kazi hii yampasa kufanya mambo matatu. Kwanza, ajifunze majina. Vitabu humpa jina la mti katika Kilatini, lakini mzee wa kijijini ndiye ajuaye mpingo, mninga na mkongo kwa gome lake na harufu yake. Asiyeweza kumwamkia mzee kwa adabu hatafundishwa. Pili, aanze na kazi iliyo karibu. Akae na Bwana Miti wa wilaya, ahesabu mikoko ya ufukoni, ashike kamba katika safari ya wapimaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tatu, aandike yale aliyoyaona, pamoja na siku na mahali, wala asiongeze neno la uongo. Kwa maana taarifa fupi iliyo ya kweli humshuhudia kuliko sifa nyingi. Huko Rondo, juu ya Lindi, komba mmoja mdogo hakutambuliwa na wataalamu kuwa ni wa namna yake peke yake mpaka miaka ya 1990. Kazi ya kuchunguza haijaisha.

Tena na awe na busara. Kujitolea ni kwema, lakini mtu mwenye njaa hadumu porini. Kabla ya kwenda na aulize wazi ni nani atakayetoa chakula na nauli, na kazi itakwisha lini. Mtoto wa maskini asione haya kuuliza hivyo, kwa kuwa msitu wahitaji watunzaji watakaodumu, nao mpingo upandwao leo utakomaa wakati wa wajukuu wake.